Idi Niliyowashonea Wana wa Watu

Nyinyi mnaokanyaga mashine za umeme na kumaliza suruali sita kabla ya adhuhuri, msinicheke kwanza. Kijana wa jirani yangu, anayejifunza ushonaji hapa mtaani, ameniganda niandike habari za kazi yangu ili wenzake wapate la kusoma. Nilimwambia wenzake wakizisoma watahamia uashi. Akasema, "Andika tu, babu, watacheka." Haya basi. Mtacheka kidogo, kisha nitawaharibia.

Nimeshona nguo Ngamiani, hapa Tanga, miaka arobaini na kitu, yote kwenye baraza moja, kiti kimoja, nikitazama ukuta mmoja wa jirani ambaye hakuwahi kuupaka chokaa. Mimi si mtu wa safari. Nilisoma hadi darasa la kumi, na enzi zile za mkoloni mtu wa darasa la kumi alitazamwa barabarani kama bwana harusi. Nikapata kazi ya ukarani Korogwe. Nilikwenda Jumatatu kwa treni, Alhamisi nikarudi.

"Wamekufukuza?" mama akauliza.

"Hapana. Mchuzi wao hauna nazi."

Baba hakusema nami mwezi mzima. Aliponisamehe, alinishika mkono akanipeleka kwa Maalim Abdu, mshona kanzu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. "Huku," akaniambia, "hata ukitoroka hutafika mbali."

Maalim Abdu alikuwa mzee mwembamba, mwenye rula ya mti ambayo sikumwona akipimia kitambaa hata siku moja. Ilikuwa ya vidole vyetu. Miezi mitatu ya kwanza nilishona vifungo tu. Mwezi wa nne akanipa mkasi, na siku hiyo hiyo nikakata suruali ya khaki ya nyapara mmoja wa mashamba ya mkonge huko mbele ya Pongwe. Nikakata miguu miwili, yote ya kushoto. Maalim aliishika suruali, akaigeuza mbele na nyuma, akaitundika ukutani ili kila anayepita aione.

"Huyu mteja wako," akaniuliza kwa upole, "anatembea au anazunguka?"

Nilijifunza kwake mambo ambayo mashine zenu haziwafundishi. Marekani, ile bafta nzito isiyopaushwa, lazima uiloweke usiku kucha kabla ya kuikata, la sivyo itafuliwa mara ya kwanza, itaruka, na mteja atakuletea nguo ya mdogo wake. Pasi ya mkaa uipepee upande upepo unakokwenda, si unakotoka. Mimi niliwahi kuitoboa kanzu ya bwana harusi matundu matatu kwa cheche, nikayadarizia maua, na hadi leo mwenyewe anaamini alipewa heshima. Na mtoto usimwambie, "Simama nikupime." Ukimwambia hivyo atajikaza, atavuta pumzi, na utampima mtoto asiyekuwepo. Mwulize jana alikula nini. Akiwa katikati ya kujibu, zungusha futi.

Hivyo ndivyo nilivyompima Mishi.

Mishi alikuwa binti wa dada yangu Nuru. Nuru aliolewa Maramba na mkulima mmoja, Rashidi, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, asiye na bahati na mvua. Mishi ndiye mkubwa wao, wa miaka tisa, na nyuma yake walikuwepo wanne. Aliletwa kwetu kwa ajili ya donda la mguu lililokataa kupona, ili awe akipelekwa hospitali ya mjini kufungwa dawa. Alishuka kwenye lori la ndizi ameshika kifurushi, anachechemea, nguo imembana makwapani hata mikono ilikaa mbali na mwili kama ya mtu anayevuka maji.

"Jana ulikula nini?" nikamwuliza, futi mkononi.

"Jana hatukupika."

"Na juzi?"

Akafikiri kwa haki kabisa. "Juzi alikula Salehe, kwa sababu yeye ndiye mdogo."

Nikaandika kipimo cha kifua, nikakifuta, nikapima tena.

Mimi na mke wangu, Mwanakombo, hatukuwa na mtoto. Tulikuwa tumezika wawili, hakuna aliyefikisha siku saba. Tuliishi watu wawili na cherehani, na cherehani ndiyo iliyokuwa ikisema zaidi. Mishi alipokuja, Mwanakombo alianza kupika kwa ajili ya watu watano. Asubuhi walikwenda hospitali, wakirudi Mishi anakaa nami barazani akishona vifungo, mguu ameunyoosha juu ya kibao.

"Mjomba, huchoki kukaa?"

"Kukaa ndiyo kazi yangu."

"Baba akikaa hivi, mama huleta mavi ya mbuzi amfukize."

"Na hupona?"

"Huinuka, anakwenda shamba."

Mwanakombo alicheka ndani hata akaacha kutwanga. Sikuwa nimesikia kicheko hicho muda mrefu, nikajifanya natafuta sindano.

Donda lilipona mwezi wa pili. Nikampelekea Nuru salamu nikimwuliza tumrudishe lini. Naye alikuwa mjamzito, hali yake si nzuri, lakini wifi yake alikwenda kukaa naye. Akajibu kwa kinywa cha dereva wa lori: "Mwambie kaka, kama hamjamchoka, akae huko asome. Huku atasoma majembe." Nikaenda shule ya wasichana, nikazungumza na mwalimu mkuu, akakubali kumpokea muhula utakapofunguliwa baada ya Idi. Mishi akaanza kumwambia kila mteja. Mama wa watu ameleta kitambaa, hajaketi sawasawa, anaambiwa, "Mimi Idi ikiisha naanza shule." Nilimwambia awaachie wateja nafasi ya kutaja vipimo.

Sasa ni lazima niwaeleze Ramadhani ya fundi. Siku hizi nguo zinauzwa zimekwisha shonwa, zimetoka nje kwa marobota. Enzi zile mtoto wa Ngamiani alivaa nguo mpya mara moja kwa mwaka, na nguo hiyo ilipitia mikononi mwa mtu kama mimi. Likiingia kumi la kati la mfungo, baraza halionekani kwa majora. Fundi anayeshindwa kumvisha mtoto wa mtu siku ya Idi hutajwa kwa ubaya mpaka Idi ijayo. Na fundi mwenyewe, watoto wa nyumbani kwake hushonewa mwisho. Mke wangu alimnunulia Mishi kitambaa cha maua ya manjano. Nilikikunja nikakiweka juu ya kabati, chini ya vya wengine.

Katika kumi hilo la kati, asubuhi moja, dereva wa lori alisimamisha gari mbele ya baraza, akateremka, akavua kofia. Nuru alikuwa amejifungua na kufariki. Mtoto mzima, wa kiume. Walikuwa wamekwisha kumzika jana yake jioni.

Lori lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nikapanda mimi. Mishi alikuwa amejificha nyuma ya mlango, ameng'ang'ania kanga ya Mwanakombo, halii. Mwanakombo alinifuata hadi kwenye gurudumu.

"Usirudi bila kulisema lile neno," akaniambia.

"Neno gani, siku kama hii?"

"La huyu mtoto. Unalijua."

Nililijua. Kwa desturi ya upande wetu, mjomba ana haki kubwa juu ya watoto wa dada yake. Baba ana ya kwake kwa sheria, na mtu akitaka kubishana anaweza. Lakini mjomba akisimama na kusema, husikilizwa. Neno hilo lina mahali pake pa kusemwa, hata hivyo. Siku ya tatu, matanga yanapoanuliwa, mikeka haijakunjwa, msemaji wa wafiwa huuliza mbele ya watu wote kama kuna mwenye neno juu ya marehemu na watoto wake. Linalosemwa hapo limesemwa. Lisiposemwa, watu huinuka wakaenda zao, na kila kitu hubaki pale kilipo.

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alinivuta nyuma ya nyumba siku ile ile niliyofika.

"Mishi yuko kwako?"

"Yuko kwangu."

"Na abaki kwako. Nuru alitaka hivyo, aliniambia mimi. Keshokutwa msemaji akiuliza, inuka. Rashidi hatabisha, ni mtu wa kusikia."

"Mama mkubwa, nina nguo za watoto ishirini na sita zimekatwa hazijashonwa."

Alinitazama kama vile nimemsemesha kwa lugha ya Korogwe.

"Nisemee wewe," nikamwambia.

"Mimi nitasema ndani kwa wanawake. Wanaume wako uani. Nani atanisikia huko?"

Ningependa kuwaambia kwamba sikulala kwa mawazo. Nililala vizuri. Kesho yake lori lilikuwa likirudi Tanga, na lingine halikujulikana lini. Nikamshika Rashidi mkono, nikamwambia, "Shemeji, tutaonana, nimebanwa na kazi." Yeye alikuwa amekaa chini, mtoto mchanga mapajani, anampepea nzi kwa ukili. Akaitikia kwa kichwa. Njiani nilikuwa nikihesabu kola.

"Umelisema?" Mwanakombo akaniuliza, sijashuka vizuri.

"Nimemwachia mama mkubwa."

Aliingia ndani, akafunga mlango.

Siku tatu kabla ya Idi, baada ya alasiri, baraza limejaa akina mama na watoto wanaojaribishwa, nikaona miguu yenye vumbi jekundu mbele ya cherehani. Nikainua macho. Rashidi. Amekonda, kanzu inamning'inia, mikono mitupu.

"Nimemfuata Mishi, shemeji," akasema.

Mishi alikuwa pale pale, kifungo na sindano mkononi. Hakuinuka kumlaki baba yake. Alimwamkia akiwa amekaa, na macho yake yakaja kwangu.

"Karibu uketi," nikamwambia Rashidi. "Tutazungumza."

"Siku ya tatu msemaji aliuliza mara tatu kama upande wa mama una neno. Mimi nilikuwa nimekaa natazama njia. Ungesema, nisingekubishia, wallahi. Sikuwa na uso wa kubisha. Hukuwepo, nikajua humtaki."

"Si hivyo, Rashidi."

"Dada yangu amerudi kwa mumewe. Mchanga yuko kwa jirani mchana, usiku niko naye mimi. Wale wanne hawana wa kuwatilia maji. Nitafanyaje? Nisaidie wewe, nifanyeje?"

Nilikuwa na la kumjibu. Ningeweza kusema, Nuru alitaka asome, basi nipe na wale wadogo wawili nikulelee mpaka upate mke. Ningeweza kumwomba akae afuturu kwanza. Kinywa changu kilikuwa kimefunguka. Ndipo mama mmoja, mwanawe amesimama amevaa kanzu mpya, akanigusa bega.

"Fundi, kola hii mbona imekwenda upande?"

Nikaitazama kola.

Vijana wangu, niliitazama kola ile. Nilimgeuza mtoto wa watu, nikashika shingo yake, nikaona mshono umevuta kushoto, nikachukua wembe nikafumua uzi, nikamwambia mama yake asubiri kidogo. Kazi ya pumzi kumi. Nilipoinua kichwa, Mwanakombo alikuwa ameshatoka na kifurushi, anakifunga fundo, na Mishi amesimama.

"Mjomba, niende?"

Hakuuliza kama mtoto anayeomba ruhusa. Aliuliza ili nikatae. Kila mtu barazani alilielewa hilo, hata yule mama wa kola.

"Nenda, mwanangu," nikasema. "Idi ikiisha nitakufuata."

"Na shule?"

"Shule haikimbii."

Akachomeka sindano kwenye mto wake wa pamba, kama nilivyomfundisha, asije akamchoma mtu. Akamfuata baba yake. Kitambaa cha manjano kilikuwa bado juu ya kabati, hakijakatwa. Aliondoka na gauni lile lile alilokuja nalo, ambalo Mwanakombo alikuwa amelitanua kwapani kwa vipande vya kanga yake.

Nguo zote ishirini na sita zilikuwa tayari siku ya Idi. Asubuhi nilikaa mlangoni, nikaona watoto wakipita wanakwenda kuomba mkono wa Idi: kanzu zangu, magauni yangu, marinda yangu yamekaa sawa, hakuna kola iliyopinda. Mwanakombo alisimama nyuma yangu na sahani ya halwa.

"Umewavisha vizuri," akasema.

Hakunitukana siku hiyo wala siku nyingine. Ningeshukuru angenitukana.

Idi iliisha, sikwenda. Masika yalikuja yakakata njia, hiyo ni kweli. Kisha nikaugua homa, hiyo nayo kweli, ya siku nne. Kisha nikawa na sare za shule moja. Mtu asiyependa kuvuka kizingiti chake hakosi sababu, na mimi kwa sababu nilikuwa fundi hodari kuliko kwa suruali. Mwezi wa tatu baada ya Idi ndipo nilipopanda lori, na kitambaa cha manjano kwapani na futi shingoni.

Nilimkuta uani, mtoto mchanga mgongoni, anachuja uji kwa kitambaa. Alikuwa amerefuka, nyama imekwisha. Mchanga alikuwa mwepesi, kichwa kinamwangukia upande, naye Mishi kila mara anakirudisha kwa bega bila kuangalia, hivi, kama mtu anayepandisha kanga.

"Shikamoo, mjomba. Karibu. Baba yuko shamba."

Alinisemesha kama mama mwenye nyumba yake. Akanitandikia mkeka.

"Nimekuja kukuchukua," nikamwambia. "Nitazungumza na baba yako leo. Shule wamekuwekea nafasi."

Alimtilia mtoto uji mdomoni kwa kidole, tone kwa tone. Mwingi ulirudi.

"Nikija," akasema, "nani atambeba huyu?"

Nikamwambia tutatafuta mtu. Akaniuliza nani. Nikataja shangazi yake, akaniambia shangazi naye amejifungua. Nikataja jirani. Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mteja anayetaka gauni la yadi nne kwa kitambaa cha yadi mbili. Nikampima pale pale, mtoto akiwa mgongoni, nikapunguza unene wa mtoto kwa kukisia. Sikumwuliza jana alikula nini.

Gauni nililishona kwa siku moja nikalituma. Lilipofika, dereva alirudi na habari kwamba mchanga amefariki.

Safari hiyo nilikwenda mara moja, sikufunga hata cherehani. Nilichukua bafta nzuri, nyeupe, yadi zaidi ya zinazohitajika. Nafikiri nilikuwa na wazo la kijinga kwamba angalau hapo nitafaa. Lakini nyinyi mnajua sanda haishonwi. Wazee waliichana kwa mikono, wakachana na vitambaa vya kufungia kutoka humo humo, na mimi, fundi niliyepita kwa Maalim Abdu, nikakaa pembeni na mkasi mfukoni. Kipande walichotumia hakikuzidi mkono wangu.

Nilikaa hadi siku ya tatu. Nilikaa hadi ya saba. Jioni ya saba nikaenda jikoni alipokuwa Mishi. Alikuwa amevaa gauni la manjano, limemkaa vizuri, limeshaingia masizi.

"Mama," nikamwambia, maana sikuthubutu kumwita mtoto, "sasa njoo twende. Nimezungumza na baba yako, amesema nikuulize wewe mwenyewe."

Aligeuza kuni. Salehe, mdogo wake, alikuwa amelala kichwa kwenye goti lake, na wale watatu wamekaa mstari wakingoja sufuria ichemke.

"Siku ile barazani ungekataa, ningebaki, mjomba," akasema.

Hakuwa na hasira. Alimsogeza Salehe mbali na moto, akaniuliza kama nitakula nao.

Nikala nao. Ulikuwa ugali na mboga ya kisamvu, bila nazi, nikaumaliza wote.

Basi. Kijana wa jirani yangu alitaka niwaandikie habari za kazi, na nimewaandikia. Nguo ya Idi ikichelewa mama wa mtu atakutukana mbele ya baraza zima, atakwenda kwa fundi mwingine, mwaka unaofuata atarudi. Nimetukanwa mara nyingi baada ya hapo, na nyumba yangu haikuanguka. Ila Mwanakombo hakununua tena kitambaa cha mtoto, na miaka yote tuliyoishi pamoja baadaye alipika chakula cha watu wawili, kikitutosha.

Mishi aliwakuza wote wanne. Aliolewa huko huko Maramba, ana watoto wakubwa sasa. Salehe alisoma, akawa mwalimu. Kila baada ya miezi michache napata barua kutoka kwa Mishi: afya yake, mahindi, nani kaoa, na kwamba nisikae sana nitavimba miguu. Mwandiko ni wa Salehe, mzuri, wa kulala upande mmoja. Mimi huijibu siku ile ile, tena kwa herufi kubwa kubwa zilizo wazi, ingawa najua atasomewa.